Kanali aliyepewa ujenerali kaburini

Miaka mingi baada ya Mamadou Ndala kuuawa karibu na Beni, jeshi limempa cheo, watu wamempa jina, na mahakama imetoa hukumu. Kinachobishaniwa mpaka leo ni kama hukumu hiyo ilimaliza kesi.

BENI. Ni Alhamisi, 2 Januari 2014, na mji bado uko kwenye uchovu wa sikukuu. Magari machache ya jeshi yanatoka mjini kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa namba 4, ile inayopita Ngadi, uwanja wa ndege wa Mavivi, Mbau na Oicha hadi Eringeti.

Katika gari moja ameketi kanali wa miaka 35. Miezi miwili nyuma jina lake liliimbwa Goma nzima, na sasa ametumwa Beni kuanza vita nyingine, dhidi ya waasi wa ADF.

Msafara haufiki mbali. Karibu na Matembo, jirani na uwanja wa ndege, roketi inalipiga gari lake. Linawaka moto. Kanali anafia hapo pamoja na walinzi wake wawili.

Picha za gari likiteketea zilizunguka kwenye simu kabla redio hazijathibitisha habari. Kilichowashtua watu zaidi ni mahali penyewe. Matembo haikuwa mstari wa mbele. Upande mmoja ni mji wenye makao ya jeshi, upande wa pili ni Mavivi yenye uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Afisa aliyenusurika mapigano ya milima ya Kibati na Kibumba, juu ya Goma, aliuawa mchana kweupe kwenye njia ambayo motari wa Beni huipita kila siku na magunia ya kakao.

Jioni hiyo swali la mitaani halikuwa kama amekufa kweli. Watu waliuliza nani alijua kwamba atapita.

Mtoto wa Ibambi

Mamadou Mustafa Ndala alizaliwa 8 Desemba 1978 huko Ibambi, upande wa Wamba, katika iliyokuwa Province Orientale na ambayo leo ni Haut-Uele. Ibambi inajulikana zaidi kwa misheni ya Kiprotestanti. Mmisionari Mwingereza Charles Studd alifia hapo mwaka 1931. Kwamba kijiji hicho hicho kilimtoa kanali mwenye majina mawili ya Kiislamu ni jambo la kawaida kabisa kwa kaskazini-mashariki ya Kongo, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kabla ya Wabelgiji.

Kizazi chake ni cha vita. Alikuwa na miaka 17 vita ya kuwang'oa kina Mobutu ilipoanza mwaka 1996, na alikuwa hajafika 20 vita ya pili ilipozuka Agosti 1998. Afisa wa umri huo hakukulia kwenye jeshi moja lenye mila moja. Jeshi la sasa, FARDC, lilikusanywa kuanzia mwaka 2003 kwa kuchanganya majeshi yaliyokuwa yakipigana jana: askari wa serikali, waasi wa RCD-Goma, wa MLC, wa RCD-K/ML iliyotawala Beni na Butembo, pamoja na wanamgambo wa Mai-Mai. Wakongo waliita zoezi hilo brassage.

Mchanganyiko huo ulizaa jeshi lenye makanali wengi na imani kidogo. Mtu alikula bugali sahani moja na yule aliyemwinda msituni, na kila mmoja alibaki na simu ya mkubwa wake wa zamani. Ni vigumu kuelewa kifo cha Ndala, au uvumi uliokizunguka, bila kukumbuka hili.

Yeye alipanda hadi kuongoza kikosi cha 42 cha makomandoo, kimoja kati ya vikosi vya kuingilia haraka, vile vinavyotumwa mahali wengine wameshindwa. Mwaka 2013 mahali hapo palikuwa Goma.

Goma iliyoaibishwa

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma karibu bila upinzani. Kundi hilo lilizaliwa Aprili mwaka huo na kujiita kwa tarehe ya mapatano ya 23 Machi 2009, ambayo lilidai serikali imeyavunja. Askari wa serikali walikimbilia Sake, kisha Minova. Huko Minova baadhi yao walibaka wanawake zaidi ya mia moja. Kesi iliyofuata iliwafikisha washtakiwa 39 mbele ya mahakama ya kijeshi. Hukumu ya Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wawili tu.

Ninaitaja Minova kwa sababu makala nyingi za kumsifu Ndala huiruka. Jeshi lililomlea shujaa ndilo hilo hilo lililofanya ya Minova, na raia wa Kivu hawajawahi kupata nafasi ya kulijua upande mmoja tu.

M23 waliondoka Goma mwanzoni mwa Desemba 2012 lakini wakabaki juu ya mji, Kibati na Kibumba, macho yao yakiona hadi ziwani. Kinshasa ilikuwa imekwisha kuanza kubadilisha watu. Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisimamishwa baada ya ripoti ya Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuuza silaha kwa makundi ya msituni. Jenerali Lucien Bahuma akapewa mkoa wa kijeshi wa Kivu Kaskazini. Mishahara ikaanza kufika, na chakula, na risasi.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda kikosi cha kuingilia kati cha askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kikaongozwa na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na kwa mara ya kwanza walinda amani wakapewa ruhusa ya wazi ya kushambulia.

> Jeshi lililokimbia Novemba ndilo lililoshinda Oktoba iliyofuata. Waliobadilika kwanza ni wakubwa wake.

Hapo katikati ndipo Ndala alipojitokeza. Mapigano yaliporudi Julai 2013 huko Mutaho na Kanyaruchinya, watu wa Goma waliona jambo ambalo walikuwa wamelisahau: komanda aliyekuwa mbele ya askari wake, karibu na risasi, halafu anarudi nyuma kidogo kuzungumza na raia na waandishi. Akina mama walipanda njia ya Kibati na maji, sombe na sigara kuwapelekea askari.

Mtengenezaji filamu Mmarekani Daniel McCabe alikuwa naye na kamera katika miezi hiyo. Filamu yake, This Is Congo, ilioneshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 2017, na wengi walio mbali na Kivu walimjua Ndala kwa njia hiyo, wakati alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka mitatu.

Kanali wa watu

Katikati ya Julai 2013 uvumi ulienea kwamba Ndala anaitwa Kinshasa. Goma ikafunga barabara. Vijana walichoma matairi wakidai kanali abaki. Serikali ikalazimika kutuliza.

Watu wa Goma wamezoea kuandamana wakitaka ofisa fulani aondoke. Kuandamana ili abaki ilikuwa habari mpya. Na jeshini, habari kama hiyo ni baraka yenye miiba. Kanali anayependwa na mji mzima huwafanya majenerali waulizwe wao walikuwa wapi. Huwafanya pia wanasiasa wa mji mkuu wahesabu: leo anashangiliwa kwa kupigana, kesho je?

Sina haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Wivu si ushahidi wa mauaji. Ila hakuna mtu wa Kivu anayesimulia habari ya Ndala bila kulitaja neno hilo.

Mwishoni mwa Agosti milima ya Kibati ilichukuliwa. Meja Khatib Mshindo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliuawa katika mapigano hayo tarehe 28. Oktoba 25 vita ikaanza tena, na safari hii haikusimama: Kibumba, Kiwanja, Rutshuru, Rumangabo, kisha Bunagana mpakani mwa Uganda. Huko Kiwanja Luteni Rajab Mlima, Mtanzania mwingine, alipoteza maisha. Novemba 5 vilima vya mwisho vya Chanzu na Runyoni vikaanguka, helikopta za Afrika Kusini zikiwa zimevipiga kutoka angani, na M23 wakatangaza kuacha vita.

Ushindi huo ulikuwa na baba wengi, na ni haki kuwataja. Mizinga ya kikosi cha kimataifa ilihusika. Shinikizo la wafadhili dhidi ya Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia M23, lilihusika. Bahuma alihusika. Wanahistoria wa vita hiyo watakapoandika bila pupa, Ndala atakuwa mmoja kati ya maafisa kadhaa waliofanya kazi nzuri.

Lakini mji hauwezi kuushangilia mzinga, wala azimio la New York. Ulihitaji sura, na Ndala alikuwa na sura hiyo.

Kaskazini, kwenye vita isiyo na mstari

Baada ya M23, zamu ilikuwa ya ADF. Kundi hili lilianzishwa mwaka 1995 na Waganda, likajichimbia miguuni mwa Ruwenzori na kwenye msitu wa Beni, likaoa huko, likalima, likafanya biashara. Mwishoni mwa 2013 lilikuwa chini ya Jamil Mukulu, aliyekamatwa Tanzania mwaka 2015 na kukabidhiwa Uganda. Siku ya Noeli ya 2013 lilishambulia Kamango, karibu na mpaka.

Tofauti na vita ya Goma ilikuwa kubwa. M23 walishika vilima, wakavaa sare, wakatoa wasemaji. ADF hawana mstari wa mbele wa kuonyesha kwa kidole. Kijiji hulala salama na kuamka na maiti. Katika vita ya namna hiyo, aliyejua gari gani linapita saa ngapi ana nguvu kuliko mwenye kifaru.

Ndala alikuwa akielekea Eringeti kwa maandalizi ya operesheni dhidi ya ADF alipouawa. Operesheni yenyewe, Sukola 1, ilianza wiki mbili baadaye, 16 Januari, chini ya Bahuma. Aprili ikachukua Madina, ngome kuu ya ADF. Tarehe 31 Agosti 2014 Bahuma naye akafariki, kwa maradhi, Afrika Kusini. Ndani ya miezi minane Beni ilikuwa imepoteza maafisa wawili iliowaamini.

Ndala alizikwa Kinshasa, siku chache baada ya kuuawa. Baadaye Rais Joseph Kabila akampandisha kuwa jenerali wa brigedi, marehemu akiwa chini ya ardhi.

Kesi iliyosikilizwa huku watu wakichinjwa

Serikali ilikuwa na jibu tayari siku za mwanzo: ADF. Jibu hilo halikukaa muda mrefu peke yake, kwa sababu maafisa wa jeshi walianza kukamatwa. Kutoka hapo kila mtu wa Beni alijua kwamba hata Kinshasa inashuku nyumba yake mwenyewe.

Kesi ilifunguliwa Beni mwanzoni mwa Oktoba 2014, mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni ya Kivu Kaskazini. Hukumu ilitoka 17 Novemba. Kanali Birocho Nzanzu Kossi, afisa wa FARDC, alihukumiwa kifo kwa ugaidi na kushiriki katika uasi. Washukiwa wa ADF ambao hawakuwa mahakamani walihukumiwa kifo pia. Askari wengine walipata vifungo, na wengine wakaachiwa. Kwa mujibu wa mahakama, ADF ndio waliofyatua, na ndani ya jeshi kulikuwa na mkono uliowafungulia mlango.

Wiki sita hizo za kesi ndizo wiki ambazo mauaji makubwa ya Beni yalianza. Tangu siku za kwanza za Oktoba watu waliuawa kwa mapanga na mashoka kijiji baada ya kijiji kandokando ya barabara ile ile ya Eringeti. Usiku wa 15 Oktoba ilikuwa zamu ya Ngadi. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu raia 237 waliouawa kati ya Oktoba na Desemba 2014.

> Mchana waliketi kusikiliza nani alimuuza kanali. Usiku walikimbia.

Kwa hiyo hukumu iliwafikia watu ambao hawakuwa na utulivu wa kuisoma. Ilisikilizwa na kina mama waliolala shuleni na makanisani na magodoro yao, waliokuwa wakiuliza kwa nini jeshi liko kilomita mbili na halifiki. Katika hali hiyo kila neno la mahakama lilipimwa kwa kilichotokea usiku.

Hukumu ilitosha?

Wapo wanaosema ndiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mara ngapi jeshi la Kongo limemfikisha kanali wake mahakamani, hadharani, mjini palepale ambapo kosa lilitendwa, mashahidi wakisikilizwa na redio zikirusha? Kesi ya Ndala ilikwenda haraka kuliko kesi nyingi za raia wa kawaida. Waendesha mashtaka wa kijeshi walikubali jambo zito, kwamba askari wa jamhuri walishirikiana na adui. Serikali iliyotaka kuficha kila kitu ingesimamia neno lake la kwanza, ADF, na kufunga jalada.

Upande wa pili, mashirika ya raia ya Beni na wengi wa waliompenda kanali hawakuridhika. Hawakatai kwamba ADF walikuwepo. Wanauliza kama Birocho ndiye mwisho wa uzi. Kanali mmoja, wanasema, anaweza kutoa habari ya msafara. Lakini nani alinufaika? Na mbona kesi iliishia kwenye cheo kilekile cha marehemu, isipande hata ngazi moja?

Swali hilo lilipata nguvu zaidi mwaka baada ya mwaka, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilipoanza kusema kwamba baadhi ya maafisa walikuwa na mahusiano na makundi yaliyokuwa yakiua Beni. Februari 2018 Baraza la Usalama lilimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyeongoza operesheni za Sukola 1 baada ya Bahuma. Vikwazo hivyo havihusu kifo cha Ndala, na si haki kuvichanganya. Vilichofanya ni kuwaonyesha watu wa Beni kwamba shaka yao juu ya jeshi haikuwa hadithi ya vijiweni.

Kuna jambo la tatu, la kisheria, ambalo hupita kimya kwa sababu halina damu ndani yake. Mahakama ya kijeshi ya operesheni haina rufaa. Inachokiamua kimeamuliwa. Mtu anaweza kuhukumiwa kifo na asipate jicho la pili la jaji, na mlalamikaji naye hawezi kuomba mahakama ya juu iulize kwa nini uchunguzi uliishia pale.

Kwangu hapo ndipo penye tatizo, kuliko kwenye nadharia za njama. Kesi iliyopita kwenye chujio moja tu itabaki na mashapo. Kama Birocho ana hatia, rufaa ingemwondolea kila mtu shaka. Kama kuna waliojificha nyuma yake, rufaa ndiyo ingekuwa nafasi ya kuwatafuta. Kwa kukosa njia hiyo, mwenye hatia na asiye na hatia wamefungwa kwenye jalada moja.

Nishani ya Kididiwe

Si mbali na mahali Ndala alipouawa, kwenye msitu wa Beni, kuna ushujaa mwingine ulioheshimiwa kwa njia tofauti kabisa.

Novemba 2018, ugonjwa wa Ebola ukiwa umeishika Beni na Butembo na ADF wakizuia kazi ya madaktari, kikosi cha kimataifa na FARDC waliivamia ngome ya ADF ya Kididiwe. Walinda amani saba waliuawa, sita Wamalawi na mmoja Mtanzania. Mmoja wa Wamalawi hao alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa, Chancy Chitete. Koplo wa Tanzania, Ali Khamis Omary, alikuwa amejeruhiwa na hawezi kutembea. Chitete alimburuta hadi mahali pa kujikinga, kisha yeye mwenyewe akapigwa risasi. Omary alipona.

Mei 2019 jijini New York Umoja wa Mataifa uliwapa familia ya Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, inayoitwa kwa jina la Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Kigali mwaka 1994 kabla ya kuuawa. Kabla ya Chitete ilikuwa imekwenda kwa familia ya Diagne mwenyewe tu.

Nishani ile ina maelezo yake: alifanya nini, wapi, kwa ajili ya nani, na nani ni shahidi. Mtu yeyote anaweza kuisoma na kuelewa. Ujenerali wa Ndala hauna maelezo ya namna hiyo. Unatuambia kwamba taifa linamheshimu, na unanyamaza kuhusu kifo chake, kana kwamba kifo ni habari ya idara nyingine.

Simaanishi kwamba Umoja wa Mataifa ni hodari wa kukumbuka. Desemba 2017, Watanzania wasiopungua 14 waliuawa kwa usiku mmoja kwenye kambi ya Semuliki, barabara ya Kamango, na watu wa Beni wana maswali yao juu ya usiku ule pia. Ila kwa Chitete, angalau, heshima na maelezo vilikwenda pamoja.

Waoga wanahukumiwa, je, majasiri?

Mtu anaweza kusema haya ni ya zamani. M23 walirudi Novemba 2021. Juni 2022 wakachukua Bunagana, mji uleule ambao kikosi cha Ndala na wenzake waliingia wakishangiliwa. Januari 2025 wakachukua Goma, siku chache baada ya gavana wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami, kufa kwa majeraha ya vitani. Serikali ya mkoa ikahamia Beni. Butembo ikawa inasikiliza habari za vita ya Lubero kila asubuhi kabla ya kufungua maduka.

Ndiyo maana haya si ya zamani. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zimepewa kesi za jinai za raia pia. Machi 2024 Kinshasa ilitangaza kuondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililodumu tangu 2003, ikiwalenga hasa askari wasaliti. Julai mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Butembo ilikaa Alimbongo, wilayani Lubero, na kuwahukumu kifo askari 25 kwa kuwakimbia M23.

Soma tena: ishirini na watano, kwa kukimbia. Serikali imesema wazi bei ya woga. Askari kijana aliyepangwa leo kwenye vilima vya Lubero ana haki ya kuuliza ni nini kinamngoja akiamua kubaki. Akimtazama Ndala anaona cheo baada ya kifo, kaburi Kinshasa, na kesi ambayo mji uliomwona akifa hauiamini.

Raia naye anauliza lake. Kushinda au kushindwa vita ya ADF hutegemea habari: mkulima aliyeona nyayo kwenye shamba la kakao, mama aliyesikia lugha ngeni mtoni. Mtu huyo atampigia simu ofisa gani, kama anaamini kwamba habari ya safari ya kanali ilitoka ofisini? Wengi wameamua kutompigia yeyote. Wengine wamechukua bunduki wenyewe na kuitwa Wazalendo.

Hakuna fedha nyingi inayohitajika hapa, wala azimio la New York. Jalada la kesi ya 17 Novemba 2014 lipo mikononi mwa sheria ya kijeshi. Wizara ya sheria na mahakama kuu ya kijeshi zilichapishe, wabunge wa Beni na Butembo waliombe kwa maandishi, na bunge lifute kifungu kinachoinyima rufaa mahakama ya operesheni, ili kesi ya Jenerali Mamadou Ndala isikilizwe upya na jaji wa pili, hapa hapa Beni, milango ikiwa wazi.